Airflow, Temporal, Camunda ama cron tu? Mifumo minne ya ushirika wa maziwa haiongei

mkulima_koda
Wadau habari za jioni. Niko na kazi ya ushirika mmoja wa maziwa huku upande wa Njoro na Ijumaa nakaa na kamati, wanataka jibu. Mizani za vituo vya kukusanyia ziko na mfumo wao, kiwanda kinachonunua maziwa kina wake, sacco inayokata mikopo ina wake, halafu mwisho wa mwezi kuna kulipa wakulima kwa M-Pesa. Saa hii karani anatoa Excel huku anaingiza kule, mwisho wa mwezi macho yake ni mekundu kama ya dereva wa usiku. Nataka kitu kimoja cha kuongoza hizo hatua zote. Nimesoma Airflow, Temporal, Camunda na n8n, hizi programu za kupanga na kuendesha hatua za kazi, mpaka kichwa kinauma. Niende na gani?

Fundi_Kondele
Mkuu umesema kila kitu isipokuwa kile tunahitaji. Wakulima ni wangapi? Seva itakaa wapi? Na nani ataamka saa tisa usiku ikikwama, wewe ama huyo karani?

mama_seva
Na bajeti. Watu huficha bajeti hapa kama siri ya ndoa.

Bahati_Dev
Temporal, usiangalie kando. Iliundwa na watu waliotengeneza Cadence, programu iliyoitangulia, kule Uber. Kila hatua ikiisha inaandikwa kwa database, so hata seva ikizimika katikati ya malipo ikiwaka inasoma historia na kuendelea pale iliachia. Unaandika kodi ya kawaida, Go, Java, Python na lugha zingine kadhaa. Airflow ilitoka Airbnb 2014 kwa kazi za data za kila usiku, si ya kungoja mhasibu aamke aidhinishe.

Fundi_Kondele
Sawa lakini mwambie pia kwamba hatua yenyewe inaweza kurudiwa zaidi ya mara moja. Temporal haikulindi usitume pesa mara mbili, hiyo unajilinda mwenyewe.

jamaa_wa_Mumias
Hapo kwa kutuma mara mbili wacha niwape stori yangu. Kuna mahali nilikuwa nafanya, sitaji, tulikuwa tunalipa wakata miwa. Mimi ndio niliandika skripti, cron, ile saa ya seva ya kuamsha kazi, inaiamsha kila dakika tano, inatuma ombi la malipo inangoja sekunde thelathini, isipopata jibu inahesabu imefeli na inatuma tena. Niliona ni akili sana. Sasa usiku mmoja laini ikawa nzito, maombi yalikuwa yanafika vizuri kabisa, ni majibu ndio yalikuwa yanachelewa. Kuamka asubuhi nikaona simu ya bosi mara kumi na moja. Kuna wazee walilipwa mara tatu. Tukaanza kupigia mmoja mmoja, mmoja akasema alidhani ni bonasi na mabati yako juu ya nyumba tayari, mwingine simu ikazimwa mpaka leo. Nilikatwa mshahara miezi minne. So kabla hujachagua jina la programu, kila malipo yapate namba yake ya kipekee, mfano namba ya mkulima na mwezi, uiandike kwa database KABLA ya kutuma. Kimya si kufeli. Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa malipo ya B2C (biashara kwenda kwa mtu) inakupa kwanza jibu la kwamba ombi limepokelewa, matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwa ResultURL, anwani ya seva yako uliyowapa. Yasipokuja, unauliza hali ya muamala, hutumi tena.

Bahati_Dev
Pole sana kaka. Hiyo ya mabati imeniua.

mwalimu_BPMN
Hamjagusa Camunda. Unachora mchoro, mwenyekiti anaona kwa macho pale maziwa yamekataliwa inaenda wapi na mweka hazina anaidhinisha wapi. Kamati haisomi Go jamani.

mama_seva
Mwambie na bei mwalimu. Camunda 8 kuanzia toleo la 8.6 kuiendesha kwa kazi halisi kwa seva yako kunataka leseni ya kulipia. n8n ataiweka bure akiitumia ndani ya ushirika, ingawa si chanzo huria kamili vile watu hudanganyana.

Fundi_Kondele
Mimi bado nasema kwa nini awe na mkubwa mmoja? Weka RabbitMQ, programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo, kila mfumo utangaze, wengine wasikilize. Mizani imefunga siku, sacco inasikia, inakata yake.

jamaa_wa_Mumias
Hapana. Kuna steji iko na mtu wa kitabu anaandika gari ya kwanza na ya pili, na kuna steji kila makanga anaita watu akimwangalia mwenzake. Ya pili inaenda haraka mpaka siku gari inapotea na hakuna anayejua iliondoka saa ngapi.

mama_seva
Na kiwanda hakitamruhusu aingize mtambo wake kwao, hata afanyeje. Hao watampa API, yaani mlango wa programu yake kuomba data, ama faili ya CSV kila jioni, ashukuru. Tena sacco kumpa madeni ya watu ni lazima kuwe na makubaliano, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 iko.

mkulima_koda
Asanteni. Wakulima ni kama mia nne. Seva ilikuwa ikae ofisini, kando ya tangi la kupoozea.

Fundi_Kondele
Kando ya TANGI? Na stima ikipotea?

mkulima_koda
Kuna jenereta ya tangi.

Bahati_Dev
Mia nne? Buda database ya Postgres na skripti moja safi inatosha, na mimi ndio nilikuwa nauza Temporal.

mwalimu_BPMN
Leo mia nne, mwaka ujao elfu mbili.

mkulima_koda
Kikao kimesukumwa Jumanne, mweka hazina yuko Eldoret kwa harusi. Na karani ameniuliza kama hii kitu inamfuta kazi, sijamjibu.

mama_seva
Mjibu kabla ya Jumanne, yeye ndiye anajua mkulima gani ana laini mbili.

Ugenya_254
Samahani kuingilia, hapo kwa stima, kuna mtu anauza inverta ya mkono wa pili Kisumu?