Klabu ya skii imenipiga faini ya dola 150 eti "sijajitolea". Wakuu, nimechoka!

Wakuu salaam.

Leo sijaja na utani. Nimekuja na hasira mbichi na uzi ni mrefu, asiye na muda apite kushoto, hatutagombana.

Niko Massachusetts, mwaka wa kumi huu. Juzi natoka kazini, hata koti sijavua, simu ikalia. Barua pepe ya mtunza hazina wa klabu yangu ya skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Nikadhani ni tangazo la safari ya Machi. Nafungua, bili. Dola 150. "Saa 6 za kujitolea ambazo hukuzifanya, dola 25 kwa kila saa." Chini yake wameweka kikatuni cha sanamu ya theluji inacheka, na maneno: asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu.

Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama pale pale mlangoni. Mama watoto akauliza, kuna msiba?

Sasa kabla hamjaanza "Mpare na skii wapi na wapi": Mkenya Philip Boit aliteleza Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mbio za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Aliyeshinda, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri pale mwisho wa mbio akamkumbatia, na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Daehlie. Kwa hiyo hilo la Mwafrika na theluji tulishalimaliza. Na hiyo milima ya huku msiiogope. Kilele cha Killington, kule jimbo jirani la Vermont, ni mita 1,293. Mji wa Arusha uko juu kuliko hapo! Kinachotesa ni baridi, na ile theluji iliyonyeshewa mvua mchana ikaganda usiku, asubuhi unateleza juu ya kioo. Lakini ukikaa ndani kuanzia Novemba mpaka Aprili unaanza kuongea na friji. Ndiyo maana nilijiunga, huu msimu wa tatu.

Klabu yenyewe si ya mashindano. Ni watu wazima wa kawaida, walimu, mafundi, manesi, wastaafu, waliochangishana zamani wakanunua nyumba ya mbao kijijini Vermont. Wanaiita loji. (Acheni mawazo ya Sinza. Hii ina vitanda vya ghorofa, watu sita chumba kimoja, na mkoromaji hakosekani.) Mwanachama analala kwa dola 35, wakati hoteli za karibu na mlima wikiendi ya sikukuu unatajiwa bei unacheka mwenyewe. Mbali na loji kuna safari za basi. Hakuna mwajiriwa hata mmoja, kila kitu wanafanya wanachama, na kila mtu anadaiwa saa 16 za kazi kwa msimu.

Na hilo ndilo lililonivuta. Siku ya kutukaribisha wageni mzee mmoja alitusimulia habari ya Woodstock, Vermont, mwaka 1934. Watu walifunga kamba kwenye injini ya Ford Model T katika malisho ya mkulima, ikawa inawavuta kupanda kilima, ya kwanza Marekani nzima. Nikasema moyoni, kumbe na hawa wana msaragambo! Kwetu Same mbiu ikilia unatoka na jembe lako kwenda kuzibua mfereji, na mwenyekiti wa kijiji naye yuko mferejini, matope mpaka magotini, mnamwona.

Hapo pa mwenyekiti kuwa mferejini ndipo penye ugomvi wangu.

Oktoba ndiyo wikiendi ya kazi. Nilienda. Jumamosi nilipasua na kupanga kuni saa saba nzima, mikono ikatoka malengelenge. Jumapili nikapanda ngazi kutoa majani kwenye mabomba ya paa, saa tatu. Jumla saa kumi, zimeandikwa daftarini kwa mwandiko wa katibu mwenyewe. Wanakamati nao walikuwepo, siwasingizii. Walikuwa ndani, wana "kikao cha mipango", na supu.

Halafu kuna mambo ya kadi. Pale jikoni loji, ukutani, kuna ubao wenye misumari, na kila msumari umetundikwa kadi ya kazi ya wikiendi hiyo. Aliyewahi kufika ndiye anayechagua. Sasa nani anawahi kufika? Wastaafu na wanakamati, wanaingia Alhamisi jioni. Ukienda kutazama kadi zilizochukuliwa mapema utakuta "kufuta meza", "kuzima taa za nje", na moja, naapa, "kuangalia kipimajoto". Mimi natoka kazini Ijumaa saa kumi na moja jioni, nafika saa tatu usiku, ubaoni zimebaki mbili: kutoa nywele kwenye tundu za maji bafuni, na choo cha chini. Choo cha chini ndicho kinachotumiwa na watu wote wanaorudi kutoka mlimani na mabuti. Kadi yake imetiwa plastiki, ina picha ya brashi yenye macho. Msimu uliopita nimeichukua mara tano. Mara tano! Mama watoto ananiambia, "Yaani baba, unalipa hela ukadeki vyoo vya watu?" Nikamjibu ndiyo ushirikiano. Leo ananikumbusha kila nikipita sebuleni.

Haya, tuje kwenye basi, maana hapa ndipo damu inapochemka.

Desemba makamu mwenyekiti akanipigia. "Rafiki, wewe watu wanakupenda, tunataka uongoze safari ya Januari." Safari ya siku moja, Killington, Jumamosi ya wikiendi ya sikukuu ya Martin Luther King, ambayo kila aliye na gari anakwenda mlimani. Akaniambia kiongozi wa safari hapandi kwa kulipa, na saa zake zinahesabiwa. Sikumwambia aandike. Mshamba mimi, niliamini mdomo.

Niliamka saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na moja niko maegeshoni na tochi kichwani, nyuzi joto 19 chini ya sifuri, naita majina kwenye karatasi huku wino wa kalamu umeganda. Abiria 46. Mmoja kasahau buti. Mmoja kaleta buti mbili za mguu wa kushoto, moja yake na moja ya mkewe. Mmoja anataka kiti cha mbele kwa sababu anatapika, na kweli alitapika, hapo hapo mbele. Nani kafuta? Kiongozi wa safari. Nimegawa kadi za lifti (zile mashine za kukupandisha mlimani), nimegawa fomu za kusaini kwamba ukivunjika ni juu yako, nimetangaza mara mbili kwa kipaza sauti: tunaondoka K-1, saa kumi na nusu, si Snowshed, si Ramshead, K-1.

Asiyeijua Killington aelewe kitu kimoja. Ule si mlima mmoja wenye mlango mmoja. Kuna vilele kadhaa na sehemu za kushukia kadhaa (hizo K-1, Snowshed na Ramshead ni baadhi), kila moja na maegesho yake. Ukikosea njia juu, chini unatokea kwingine kabisa, na lifti zikishafungwa saa kumi huwezi kurudi juu ukavuka. Basi saa kumi na nusu nahesabu vichwa, 45. Nahesabu tena, 45. Mama mmoja hayupo, simu yake haipatikani, baridi inamaliza betri upesi. Dereva ananiangalia kwenye kioo. Dereva wa basi la abiria huku akishafikisha saa 15 kazini haruhusiwi kugusa usukani mpaka apumzike saa 8, na huyu kaamka kabla yangu. Watu nyuma wameanza kuguna. Nikavaa buti, nikakimbia K-1 yote, chooni, baa, chumba cha huduma ya kwanza, natangaza jina la mama wa watu kama napiga mnada. Mwisho kijana mmoja wa kituo cha ulinzi wa mlima akaita kwa redio. Mama yuko Bear Mountain, kakaa kwenye benchi anakula keki. Alifuata njia nzuri. Aliletwa na gari la mlima, tumeondoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kaingia ndani ya basi, watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye.

Siku nzima hiyo mimi niliteleza mara mbili. Mbili tu! Nyumbani nimefika saa nne kasoro usiku, soksi zimelowa, sauti hamna.

Wiki mbili baadaye natumiwa hesabu za safari nizihakiki, kwa sababu "kiongozi ndiye anayesaini". Nazipitia. Kampuni ya basi na mlima wanatoa nafasi moja ya bure kwa kila watu 20 wanaolipa. Sisi tulikuwa na mbili. Natafuta jina langu, nimekatwa dola 139, nauli na kadi ya lifti, kutoka kwenye amana yangu ya klabu. Sifuri zipo kwa watu wawili: mwenyekiti, na mke wa mwenyekiti. Hawakubeba hata begi la mtu. Mwenyekiti alikaa kiti cha tatu, alinipa mkono akaniambia, kazi nzuri, kijana. Nina miaka 44.

Nikauliza kwa ustaarabu. Jibu likaja kwa maandishi, nimelihifadhi: nafasi za bure ni mali ya klabu na kamati ndiyo inayozigawa "kwa kutambua mchango wa muda mrefu". Na saa zangu? Kuongoza safari ni heshima, haihesabiwi kama kazi. Saa za kazi ni zile za loji.

Kwa hiyo wakuu, kupanga kuni ni kazi. Kulinda watu 46 mlimani, saa zaidi ya 16, na matapishi juu, ni heshima. Ndiyo maana nina saa 10 badala ya 16, na ndiyo maana nina bili.

Najua wanaosubiri kuandika "ni ubaguzi huo, hama". Kuna klabu za watu weusi, zipo tangu zamani, shirikisho lao National Brotherhood of Skiers lilianzia Aspen mwaka 1973 na linaheshimika, na labda huko ndiko nitakakoishia. Lakini nikisema hapa tatizo ni rangi nitakuwa nadanganya. Pale loji kuna mzee Mzungu, fundi bomba mstaafu, ana miaka 71. Februari mabomba yakiganda anaingia kwa tumbo chini ya sakafu na kikausha nywele, anatoka kafunikwa na utando wa buibui. Msimu uliopita naye alipata bili, ya saa mbili, kwa sababu alisahau kusaini daftari. Alilipa. Nilimuuliza kwa nini, akanyanyua mabega akasema, nikigoma nani atayeyusha mabomba? Wanajua hatagoma. Wanaotumika pale ni wenye aibu ya kukataa, wa kila rangi.

Rafiki yangu mhasibu, Mtanzania mwenzetu, akanionyesha kitu. Klabu za starehe za namna hii hapa Marekani hazilipi kodi ya mapato kwenye ada za wanachama wao, na kwa sharti kwamba faida isiingie mfukoni mwa mtu binafsi. Fomu yao ya kodi ya kila mwaka, ile 990, iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Nimeisoma ya kwetu. Safu ya malipo ya viongozi: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Na ni kweli, mshahara hawachukui. Kiti cha basi hakina safu. Kitanda cha dirishani ambacho kila Krismasi kinakuwa "kimeshawekwa" nacho hakina safu.

Mkutano mkuu ni Alhamisi ijayo. Nimeomba hoja mbili ziwekwe kwenye ajenda: orodha ya waliopewa nafasi za bure kwa misimu mitatu, na saa za viongozi wa safari zihesabiwe. Katibu kajibu kwamba ajenda imejaa, kuna mjadala wa kununua mashine mpya ya kahawa.

Sasa nahitaji ushauri wa watu waliowahi kuwa kwenye vyama vya namna hii, huku au nyumbani. Bili nilipe kwanza ndipo niongee, wasije wakasema mdaiwa hana haki ya kusimama? Au nisilipe kabisa, nisimame na karatasi zangu? Fundi bomba nimempigia jana, nikamwambia aje tukae pamoja. Kanyamaza sana kwenye simu, halafu akauliza mkutano unaanza saa ngapi.

Ile kadi ya choo cha chini nimeikuta kwenye mfuko wa koti langu la skii, niliondoka nayo bila kujua. Alhamisi naenda nayo. Mwenyekiti huwa anakaa kiti cha mbele kushoto, nitaiweka mezani kwake kabla hajafika.