Laptopu ya kuchorea na kubuni mabango, Lubumbashi: M1 ya mtumba, T480, au mpya ya michezo?

Rangi_ya_Shaba (Katuba)

Jambo wote. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi, kwa sababu mwenye duka amekubali kunishikia mashine mpaka siku hiyo tu.

Mchana nabuni nembo, kadi za harusi, bashi (mabango ya plastiki) za makanisa na za maduka. Usiku nachora hadithi za picha, kurasa za A3 za rangi, kwa programu ya Krita na kibao kidogo cha kuchorea cha Wacom kisicho na kioo. Laptopu niliyo nayo ina RAM ya GB 4 na imefika mwisho. Nina dola 550, na mwaka huu sitapata nyingine.

Nimeona tatu. MacBook Air M1 ya mtumba, RAM GB 8, diski GB 256, inameza pesa yote. ThinkPad T480, mtumba pia, GB 16, kioo cha Full HD, dola 270. Na moja mpya kwenye boksi, ya michezo, inchi 15.6, kadi ya picha RTX 2050 yenye GB 4, Hz 144. Kwa hiyo ya mwisho itabidi yaya, ndugu yangu mkubwa, anikopeshe dola 100.

Kinachoniuma ni hiki. Mwezi wa sita nilimtengenezea mteja nembo ya rangi ya shaba. Kwenye kioo changu ilikuwa shaba yenyewe, ile ya waya ukiuchuna sasa hivi. Bashi ilipotoka ikawa rangi ya tofali. Mteja alilipa nusu. Sitaki irudie.

Fundi_Kamalondo

Mdogo wangu, wewe umetaja RAM, diski na kadi ya picha. Kioo umekitaja kwa ukubwa na Hz tu, na hapo ndipo pesa yako ilipopotelea.

Kipimo cha kuuliza kinaitwa sRGB. Ni eneo la rangi ambalo intaneti nzima na picha nyingi zimejengwa juu yake tangu 1996. Kioo kizuri kwa mbunifu kinafika asilimia 100 au karibu yake. Laptopu za bei nafuu mara nyingi huandikwa «45% NTSC»; NTSC ni kipimo kingine cha rangi, cha zamani. Ukilinganisha, hiyo ni chini kidogo ya theluthi mbili za sRGB. Rangi nyekundu na za machungwa ndizo zinazofifia wazi, na shaba imekaa katikati yake. Unaona imepauka, unaongeza ukali, kisha inatoka mahali pa kuchapa ikiwa kitu kingine.

Sasa tazama zako. Air M1 ina kioo cha pikseli 2560 kwa 1600, mwanga wa niti 400, na rangi za P3, ambazo ni pana kuliko sRGB. Kwa kioo peke yake imezishinda hizo mbili kwa mbali. T480 za Full HD kwa kawaida ni hiyo 45% NTSC na niti 250. Kuna T480 ya 2560 kwa 1440 yenye rangi nzuri, lakini ni adimu. Ya michezo, uliza kwanza. Za bei hiyo nyingi zina kioo kilekile cha asilimia 45. Hz 144 ni kasi ya picha kubadilika, haiongezi rangi hata moja.

Mashine_ya_Bashi (Kampemba)

Fundi, umesema kweli, ila msimtwishe kioo mzigo wote. Mimi ndiye ninayechapa. Faili nyingi zinazonijia ziko kwenye RGB, yaani rangi za mwanga, na mashine yangu inatumia wino wa CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna machungwa na buluu za kioo ambazo wino hauwezi kuzifikia, hata kama umenunua kioo cha dola 2000. Dada, nembo yako ingeweza kugeuka tofali hata kutoka kwenye M1.

Krita inafanya kazi moja kwa moja kwenye CMYK, tena bure, na ina onyesho la chapa linalokuonyesha rangi itakavyoshuka kabla hujatuma. Muombe mchapaji wako faili ya wasifu wa rangi wa mashine yake. Akikosa, muombe akuchapie kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye plastiki ileile. Mimi natoa kipande hicho bure kwa anayeomba, na wanaoomba ni wachache mno.

Mama_Kalamu

Nafundisha vijana kuchora kwa kalamu ya kompyuta, niongee kuhusu RAM, maana GB 8 za M1 zinanitia wasiwasi kwa kazi yako.

Piga hesabu pamoja nami. Ukurasa wa A3 kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli 3508 kwa 4961. Hiyo ni milioni 17 na kidogo. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo tabaka moja lililojaa ni MB 70 hivi. Mchoraji wa hadithi za picha hafanyi kazi na matabaka matano. Kuna penseli, wino, rangi bapa, vivuli, mwanga, maandishi, na yale unayoficha «huenda nikayahitaji». Matabaka 40 ni karibu GB 3, na bado hujahesabu kumbukumbu ya kurudi nyuma, kivinjari chenye picha za kuigia, na mfumo wenyewe. Kwenye M1 hata sehemu ya picha inakula RAM hiyohiyo, nayo imegandishwa humo, haiongezeki milele. T480 ina nafasi mbili, inafika GB 32.

Mimi ningechukua T480 na zile dola 280 zinazobaki ningetafuta kioo cha nje cha mtumba. Dell UltraSharp U2415 kwa mfano: inchi 24, 1920 kwa 1200, IPS (aina ya kioo ambacho rangi hazibadiliki sana ukikitazama pembeni), asilimia 99 ya sRGB. T480 ina HDMI, unachomeka tu. Kwenye kioo cha laptopu unaweka vibao vya zana, mchoro wenyewe unakaa kwenye kile kikubwa. Kibao chako cha Wacom unakielekeza kwenye kioo kimoja tu katika mipangilio, la sivyo mkono utakwenda huku na mstari kule.

Kolwezi_Mistari

Yaya Kalamu, na delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu? Kioo cha nje hakina betri. Umeme ukienda saa mbili usiku katikati ya ukurasa, M1 inaendelea kama hakijatokea kitu.

Mimi niko Kolwezi na ninaishi kwa betri ya sola, V 12, Ah 100. Kwenye karatasi ni Wh 1200. Betri ya maji, ile ya asidi, huwezi kuishusha chini ya nusu bila kuiua, toa na kinachopotea kwenye inverta, unabaki na 500 hivi. Laptopu ya michezo ikifanya kazi kwa nguvu inaweza kunywa W 100, hiyo ni saa tano. M1 chaja yake nzima ni ya W 30. Hata ukiichora mchana kutwa huimalizi betri. Hiyo ya michezo iondoe kabisa kwenye orodha, usimsumbue yaya wako kwa mkopo.

Mama_Kalamu

Hoja ya umeme ni ya kweli, naikubali. Lakini kioo cha inchi 24 kinakula W 20 tu au zaidi kidogo, na T480 kwenye kuchora haizidi sana hapo. Kwa W 40 betri yako hiyo inatoa saa 12. Na T480 ina betri mbili, moja ndani ya Wh 24, nyingine ya nyuma inayochomoka, hadi Wh 72 ukipata kubwa. Unaweza kubadilisha ya nyuma mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika unahamia kwenye kioo kidogo, unachora mistari ya wino, rangi unaziacha zisubiri.

Fundi_Kamalondo

Mambo mawili ya mkononi kabla hujatoa pesa.

Kwanza vumbi. Kiangazi hiki nimefungua laptopu ambayo kati ya feni na mapezi ya shaba ya kupoozea kulikuwa na utando mwekundu, mnene kama kipande cha blanketi, nikautoa mzima kwa koleo. Mwenyewe alikuwa analalamika kwamba kalamu inachelewa. Ilikuwa joto, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. M1 haina feni, vumbi letu haliipati hapo. Ukichukua T480, ilete kila mwaka mwezi wa kumi kabla ya mvua kukolea, nitakufungulia.

Pili, Mac ya mtumba usiichukue ikiwa imeshawashwa na kuandaliwa. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti, aianzishe upya. Ikileta ukurasa unaosema inasimamiwa na kampuni fulani, au inadai akaunti ya mwenyewe wa zamani, rudisha pesa mfukoni. Inaweza kufungwa kutoka mbali siku yoyote. Kwa T480, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa leo.

Rangi_ya_Shaba (Katuba)

Asanteni sana. Na kibodi? Zote mbili ni QWERTY, zimeingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na plagi zake nene za mapini matatu. Mimi nimekulia kwenye AZERTY, ile kibodi ya Kifaransa.

Fundi_Kamalondo

Plagi, badilisha waya wa chaja tu. Kibodi, weka mpangilio wa Kifaransa, vidole vitaenda mahali vilipozoea. Ila jua kwamba Ctrl na Z, ambayo mchoraji anaibonyeza kuliko zote, kwenye QWERTY inakaa pembeni mwa kidole na kwenye AZERTY iko safu ya juu. Wengine wakishaonja hiyo ya chini hawarudi.

Rangi_ya_Shaba (Katuba)

Narudi na habari za Jumamosi.

Nilimuomba muuzaji aifute M1 mbele yangu. Alisita, akasema intaneti ya duka ni mbovu, nikampa ya simu yangu. Ilipowaka upya ulitoka ukurasa wenye jina la kampuni ya nje, ukidai nenosiri la kazi. Aliifunga kimya. Fundi, umeniokolea dola 550.

T480 nimeichukua. Betri ya ndani iko kwenye asilimia 81, ya nyuma 64. U2415 sikuipata. Nimepata UltraSharp ya zamani kidogo, IPS, inchi 24, kwa dola 110, ina mkwaruzo pembeni chini. Zinazobaki naziwekea betri kubwa ya nyuma.

Jana usiku nilifungua ile nembo ya mwezi wa sita kwenye vioo vyote viwili kwa pamoja. Kwenye cha laptopu ilikuwa kahawia iliyochoka. Kwenye kikubwa ilikuwa machungwa kali inayopiga kelele, yaani ndivyo nilivyomtumia mteja bila kujua. Kisha nikawasha onyesho la chapa la Krita, ikashuka yenyewe ikawa tofali, ileile ya kwenye bashi. Nilikaa muda mrefu nikiitazama.

Nimeipaka upya kwenye CMYK, nikapunguza wino mweusi kwenye vivuli na kuacha njano zaidi upande wa mwanga. Yaya wa bashi, kesho saa tatu nitakuwa Kampemba na faili. Naomba kile kipande cha kiganja.

Mashine_ya_Bashi (Kampemba)

Njoo. Lete na waya wa shaba uliochunwa, tuvilaze pamoja juani.