Korosho ikatwe shilingi kumi kwa kilo tujenge upasuaji wa moyo Kusini, mnasemaje?

MWALIMU WA CHIKONGOLA
Habari za jioni wanakusini. Msinipige mawe kabla hamjamaliza kusoma. Wenzetu wameshafika mbali, Marekani mwaka 2022 mtu kawekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa vinasaba, Australia mwaka 2025 mgonjwa katoka hospitali na moyo wa titani kifuani akaenda kuusubiri wa binadamu akiwa kwake nyumbani, na sisi huku mtoto akikutwa na vali mbovu, vile vilango vya kupitisha damu ndani ya moyo, ni barua ya rufaa, basi la alfajiri, Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, foleni. Hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, tunayo. Kwa nini kila kilo ya korosho isikatwe shilingi kumi tu tuweke pale kitengo cha kufungua kifua? Tuanze na vali, kupandikiza moyo wajukuu zetu watakuja kufanya. Naomba hoja.

TANDAHIMBA ORIJINO
Mwalimu umeandika vizuri mpaka ulipofika kwenye "ikatwe". Shilingi kumi TU? Hiyo "tu" ndo imetufikisha hapa. Mkulima akatwe ushuru wa halmashauri, chama cha msingi chake, chama kikuu chake, ghala, usafirishaji, na sasa moyo. Wewe ulishawahi kupulizia mikorosho salfa, dawa yake, jua la saa nne ukatoka na macho mekundu? Anza na mshahara wako.

MWALIMU WA CHIKONGOLA
Mshahara wangu unakatwa kabla sijauona ndugu yangu, usinifundishe makato. Nimeuliza habari ya upasuaji.

MAMA SHARIFA MIKINDANI
Mimi nimekwama kwenye nguruwe. Yaani nina presha, nina sukari, halafu mje mniwekee mnyama huyo kifuani nife nikiwa naye? Hapana wanangu. Na huyo mwenyewe si yupo hai mpaka leo ndo maana mnamsifia?

DOGO WA MAABARA
Shikamoo mama. Hayupo hai. David Bennett aliwekewa Januari 2022 pale Maryland akafariki Machi, kama miezi miwili hivi, na baadaye walikuta ule moyo ulikuwa na kirusi cha nguruwe. Wa pili, Septemba 2023, aliishi kama wiki sita. Kwa hiyo bado ni utafiti. Ila vali za nguruwe ni habari ya zamani, watu wanawekewa tangu miaka ya sitini na kitu huko, na wanazuoni wengi wanaruhusu kwa dharura. Ukikataa zipo za ng'ombe, zipo za chuma.

MAMA SHARIFA MIKINDANI
Marhaba. Ya ng'ombe sawa.

MZEE WA KILWA MASOKO
Mnajadili Mitengo kana kwamba Lindi haipo kwenye ramani. Kila kitu Mtwara, bandari Mtwara, uwanja wa ndege mzuri Mtwara, hospitali ya kanda Mtwara. Halafu huko kupandikiza sahauni. Moyo ukishatolewa unakaa kwenye barafu masaa manne, ukijitahidi sana sita. Basi la Mtwara kwenda Dar masaa mangapi? Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga ungeupitisha wapi, kwenye mtumbwi?

DOGO WA MAABARA
Mzee wangu hilo la barafu wenzetu wanalivuka taratibu. Zipo mashine zinauingizia moyo damu ya joto ukaendelea kudunda ndani ya sanduku njiani. Toronto ndo wameenda mbali kwenye mapafu, wanayaweka chini ya kuba la plastiki, wanayapumulisha na kuyapitishia maji maalumu kwa masaa, wanayaangalia, hata kuyatibu, ndo waamue kama anapewa mgonjwa. Mapafu ambayo zamani yangetupwa sasa yanaokoa mtu.

NESI NDANDA
Naomba niseme ninachokiona. Hawa watoto wa vali wengi wao ilianza na koo kuuma. Koo tu. Mzazi anapewa panadoli, yanakwisha, yanarudi, miguu inavimba viungo, baadaye ndo moyo. Sindano ya penisilini ya kila mwezi inamlinda yule ambaye moyo umeshaguswa na bei yake haifiki hata nauli ya Masasi. Mtoto wa dada yangu alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, akilala chali anakohoa mpaka anageuka rangi midomo. Dar wakamwekea vali ya chuma. Leo anacheza, usiku kukiwa kimya unaisikia inagonga kifuani, tik tik, wadogo zake wanagombania kulala naye. Lakini anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, kisamvu hawezi kula sahani nzima leo halafu kesho asile kabisa maana dawa inavurugika, na kipimo cha kuangalia damu imekuwa nyepesi kiasi gani, kituo kimoja huku kwetu tulienda mashine ipo vitendanishi hakuna, tukarudi, tukaenda tena hakuna. Sasa ukinijengea chumba cha upasuaji na kipimo hicho hakipo mtaani umenijengea nini? Watu wa Mtwara tunapenda majengo.

KIJANA WA SHANGANI
"Watu wa Mtwara tunapenda majengo" dada umetutukana wote hivyo. Majengo gani tuliyopewa? Gesi imetoka Mnazi Bay ikapita na bomba kwenda Dar, 2013 watu walipoipinga wakaumia hapa, halafu tunaambiwa tunapenda majengo.

NESI NDANDA
Kaka umesoma mstari wa mwisho tu.

TANDAHIMBA ORIJINO
Gesi hiyo! Ahsante. Ikatwe GESI iachwe korosho.

KIJANA WA SHANGANI
Na pia muache kuwaona Wazungu ndo wameanza haya mambo. Yule aliyetoa moyo wa kwanza kupandikizwa, Cape Town 1967, alikuwa mtunza bustani mweusi, Hamilton Naki, wakamficha sababu ya makaburu, sifa akapewa daktari Barnard. Mwafrika anaweza, ananyimwa.

DOGO WA MAABARA
Mkuu hiyo ilisambaa kwelikweli, hata magazeti makubwa yaliandika alipofariki Naki 2005, halafu yakajisahihisha yenyewe. Usiku ule hakuwemo thieta. Alikuwa maabara ya chuo, alianza bustanini kweli, akaja kuwa fundi wa kupasua wanyama na akawafundisha madaktari wengi tu, na hilo peke yake ni kubwa, halihitaji kuongezewa chumvi. Na mgonjwa mwenyewe Washkansky aliishi siku 18. Nimonia. Dawa walizompa ili mwili usiukatae moyo zilimwacha hana kinga. Kazi hii ilikaa sawa miaka ya themanini ilipokuja saiklosporini, dawa bora ya kuzuia mwili usiukatae moyo, na bado ni vidonge mpaka kaburini.

KIJANA WA SHANGANI
Kwa hiyo unamtetea kaburu.

DOGO WA MAABARA
Nimesema hakuwemo chumbani bwana, kaburu katokea wapi hapo?

MWALIMU WA CHIKONGOLA
Jamani. Mnaosema haiwezekani pembezoni, Magdi Yacoub, Mmisri, amepandikiza mioyo Uingereza kuanzia 1980 huko Harefield, aliporudi kwao kujenga kituo cha moyo mwaka 2009 hakujenga Cairo, alijenga Aswan, kusini kabisa. Wagonjwa hawalipi na hapohapo panafanyika utafiti na kufundisha vijana.

TANDAHIMBA ORIJINO
Kwa makato ya nini, ya tende?

MWALIMU WA CHIKONGOLA
Kwa michango ya hiari.

TANDAHIMBA ORIJINO
HIARI. Ungeanza na hilo neno saa zile tusingefika hapa. Hiari mimi natoa gunia zima, ila mweka hazina asiwe mtu wa chama.

MZEE WA KILWA MASOKO
Na asiwe mtu wa Mtwara.

MAMA SHARIFA MIKINDANI
Na vali ziwe za ng'ombe.

NESI NDANDA
Na vitendanishi mmeviweka wapi?

MKOROSHO NANYAMBA
Samahani kwa kuingilia, salfa imeshafika ghalani huko kwenu? Huku wanasema Jumatatu tangu wiki iliyopita.

TANDAHIMBA ORIJINO
Imefika jana. Kama jina lako halipo kwenye mfumo wa usajili wa wakulima usijisumbue kuja, mimi la kwangu limeandikwa na herufi moja imezidi wamenirudisha.