Apdeti imeua muziki kwenye spika zangu halafu naambiwa eti intaneti yangu ndogo!!

Wakuu habari zenu. Niko Moshi, Majengo, nina grosari na jiko la nyama, na hapa naandika nina hasira kwelikweli.

Mwaka jana nilijichanga nikanunua spika 3 za waifai, moja kaunta mbili nje barazani, kampuni siitaji. Zilipiga toka asubuhi hadi nafunga, hazijawahi kukata. Wiki 2 zilizopita zikajiapdeti zenyewe usiku, sijaulizwa, sijabonyeza kitu, asubuhi nawasha wimbo unaenda sekunde 20 kimya, kiduara kinazunguka weee, unarudi, kimya tena.

Jumamosi nikawa na sherehe ya kipaimara. Ndafu inaingia, wapishi wameibeba wanakuja nayo kwa kucheza, akina mama wanapiga vigelegele, muziki ukafa. Wapishi wakabaki wamesimama katikati ya baraza na mbuzi mzima wa kuchoma mikononi, majani mdomoni mwake, watu wote kimya wananiangalia mimi. Baba wa mtoto hakusema neno, na aliyelipa ni yeye. Iliniuma sana.

Napiga simu huduma kwa wateja naambiwa "kaka intaneti yako ndogo, ongeza kifurushi". Aisee! Wimbo wa mtandaoni wa ubora mzuri ni kilobiti 320 kwa sekunde, spika zote 3 hata kila moja ipige wimbo wake hazifikishi megabiti 1, na mimi nalipia megabiti 20. Nikachomoa kabisa waya wa intaneti kwenye ruta, nikapiga nyimbo zilizomo kwenye laptopu yangu, yaani zinatoka laptopu zinapita ruta zinaenda spika, basi. Zikakata vilevile. Hapo intaneti inaingiaje?

Nimehangaika siku 4. Nimerestati kila kitu, nimezima maikrowevu ya jikoni maana nayo inachafua masafa ya waifai ya gigahezi 2.4, nikakuta majirani wamejazana chaneli 6 ya masafa hayo nikahamia 11, nafuu kidogo tu. Ndo nikaingia kwenye ruta kuangalia nani kashika wapi, nikakuta spika za nje zote zimeng'ang'ania yale masafa mengine ya waifai, gigahezi 5. Masafa ya 5 yana kasi ndiyo, ila ukuta wa tofali yanaupita kwa shida, na barazani kuna kuta 2. Zamani kwenye programu yao kulikuwa na sehemu ya kuchagua, spika hii ikae 2.4. Apdeti imeiondoa!! Nimeizima 5 kwenye ruta, sasa simu za wateja na mashine ya risiti na spika vyote vinagombania 2.4, jioni watu wakijaa inakata tena.

Spika ya kaunta nimeichomekea waya toka kwenye ruta, inapiga masaa 6 bila kugugumia, na apdeti ni hiyohiyo. Kwa hiyo spika nzima, intaneti nzima, walichoharibu ni upande wa waifai, na kurudi toleo la zamani wamefunga. Hela nimetoa mimi, spika iko ukutani kwangu, halafu mtu anakuja usiku anabadilisha anavyotaka?

Mwenye spika za hivi Moshi au Arusha aliyefanikiwa kurudisha toleo la zamani anielekeze tafadhali. Jumamosi hii nina sherehe nyingine, na waya wa kufika barazani sina.