Ameuchomoa mto wangu mbele ya ofisi nzima, eti mgongo huumwa na wabeba zege

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa nimesimama kituoni Posta, kwa sababu kukaa siwezi na hasira haijashuka. Bwana yule mnamjua, kila ofisi ya mjini hapa ina wake, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Leo saa tatu asubuhi, katikati ya kikao, amekuja kwenye kiti changu, akauchomoa mto ninaouegemea kiunoni, akauinua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye pipa la maji, kisha akasema mbele ya watu 14: “Mgongo huumwa na wabeba zege, wewe unabeba nini?” Watu wakacheka. Nao wanaumwa!

Ninabeba nini? Ninabeba kichwa changu, ambacho kwa mtu mzima kina kilo zinazokaribia 5, nacho kinazidi kuielemea shingo kadiri ninavyoinama kuitazama kompyuta mpakato iliyo chini ya macho yangu. Kiti nilichopewa kimechoka, hakishiki kimo, hivyo kinashuka taratibu tangu saa mbili asubuhi, na ifikapo saa nane kidevu changu kimeshakuwa jirani na vitufe. Tukifika kufunga hesabu za mwezi nitakuwa ninaandika ankara kwa pua. Usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vinashikwa ganzi, kwa sababu neva inayopita kwenye kifundo cha mkono inabanwa, na bega la upande wa kipanya limekakamaa kama ubao wa mninga. Mto ule niliushona mwenyewe kwa kanga kuukuu ya mama yangu, nikaujaza sufi. Na yeye ameuinua kwa vidole viwili!

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Wote hao walikuwa wanabeba zege? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na haikuandikwa kwa ajili ya wachimba migodi peke yao. Wala sikuomba kiti cha enzi. Niliomba kiti kinachoshika kimo changu, skrini ipandishwe ilingane na macho, na niruhusiwe kuinuka kila baada ya nusu saa bila kuulizwa ninakwenda wapi. Nikajibiwa zege.

Mdau wa Kimara: Pole sana mleta mada, bwana huyo ninamfahamu bila kutajiwa. Wa kwetu aliziondoa rimu mbili za karatasi nilizoziweka chini ya skrini, akasema ninaharibu mali ya ofisi. Jioni ninasimama kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara nikiwa nimepinda kama ndoana.

Mchukuzi wa Kariakoo: Watu wa ofisini mna deko. Mimi ninabeba magunia tangu alfajiri na sijawahi kushona mto. Njoo tubadilishane wiki moja, utausahau huo mgongo.

Mleta mada: Ndugu yangu, mgongo wako ninauheshimu, lakini wewe ukishusha gunia unajinyoosha. Mimi sina cha kushusha, kwa sababu misuli iliyoshikilia mkao mmoja kutwa nzima inachoka ikiwa imekaa pale pale. Na hata wewe usingeuinua mto wa mwenzako kwa vidole viwili.

Binti wa kaunta: Heri ninyi mnaokaa. Sisi tunahudumia wateja tukiwa tumesimama juu ya visigino virefu mpaka magoti yanawaka moto, na kigoda kipo hapo nyuma, lakini ole wake atakayekikalia.

Mtu wa fiziotherapia: Mleta mada, ganzi hiyo ionwe na mtaalamu mapema, hasa ukianza kuangusha vitu. Na yeyote ambaye maumivu ya kiuno yanaambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Tegeta: Mmeliacha jambo kubwa, nalo ni kiyoyozi. Kwetu kimewekwa digrii 16, kinanipuliza shingoni moja kwa moja, na ikifika mchana siwezi kugeuza kichwa bila kugeuza mwili mzima. Rimoti imefungiwa kabatini.

Mdau wa Kimara: Kwetu rimoti anayo mhasibu, naye anasikia joto mwaka mzima, hata Julai.

Mkazi wa Tegeta: Mhasibu huyo hakuwahi kufanya kazi kwetu kweli?

Mchukuzi wa Kariakoo: Digrii 16, halafu mnalalamika? Nielekezeni ofisi hiyo ilipo, nije nipumzishe magunia yangu hapo.