Dodoso la mabadiliko ya tabianchi: mbona takwimu zinapishana, na kwa Kiswahili tuulizeje?

Mwambao_Tanga

Wakuu, habari za kazi. Naandaa dodoso la watu wazima wilayani Pangani, wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo, kujua wanayaonaje mabadiliko ya tabianchi. Tafiti kubwa nilizosoma zinanichanganya. Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya Waafrika, ya 2016 hadi 2018, nchi 34 za Afrika, inasema wanaoyaelewa ni 28% tu. Kura ya maoni ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya 2024, nchi 77, inasema 80% wanataka nchi zao ziongeze juhudi. Mtu anadaije hatua juu ya kitu asichokielewa? Nani aaminiwe? Na mimi niulizeje ili nisipewe majibu ya kunifurahisha? Sampuli yangu ni watu 384: vijiji 8, watu 48 kila kijiji.

BiTakwimu

Zote mbili za kuaminika, ila hazikupima kitu kimoja. Kwanza 80% ni ya dunia na 28% ni ya Afrika, usiziweke kwenye jedwali moja.

Pili, ile 28% imepita chekeche tatu. Mhojiwa aliulizwa kama amewahi kusikia habari hizo; 58% walisema ndiyo. Hao ndio walioendelea kuulizwa maana yake na chanzo chake. Aliyehesabiwa kuwa mwelewa ni yule aliyesikia, akayahusisha na hali kuharibika, na akataja shughuli za binadamu. Legeza chekeche, namba inapanda. Makala moja ya kisayansi ya 2021 ilichukua takwimu hizohizo kwa nchi 33, ikaridhika na mambo mawili tu, kusikia na kukubali kwamba binadamu anahusika walau kwa sehemu. Ikapata kuanzia 23% hadi 66%, kutegemea nchi.

UNDP wao waliuliza kama nchi iongeze au ipunguze ahadi zake. Hilo mtu analijibu bila kueleza chanzo cha chochote. Angalia pia njia ya kuwafikia watu: 2021 maswali yao yalitokea ndani ya matangazo ya michezo ya simu, wakapata watu milioni 1.2 katika nchi 50. 2024 walitegemea zaidi kupiga simu kwa namba za nasibu. Asiye na simu hayumo, na vijijini huyo mara nyingi ni mwanamke au mzee.

Kwako wewe, jambo la kushika ni hili: Afrobarometer hiyohiyo iliuliza pia kama hali ya kilimo imekuwa bora au mbaya kuliko miaka 10 nyuma. Karibu nusu, 49%, walisema mbaya. Uganda walifika 85%. Kutolisikia jina hakumzuii mtu kuiona hali. Kwa hiyo uliza hali kwanza, jina baadaye. Ukianza na jina, anayeona kwamba halijui anajifunga, na maswali yote yanayofuata unapata "sijui".

Kaskazi_na_Kusi

Naongezea kwenye maneno, maana hapo ndipo madodoso mengi ya Kiswahili yanapoharibika.

"Hali ya hewa" kwa mtu wa kawaida ni ya leo na kesho. "Hali ya hewa imebadilika" maana yake kumetanda mawingu, au watoto wana mafua. Ukimuuliza kama amewahi kusikia mabadiliko ya hali ya hewa atasema ndiyo, na hamzungumzii kitu kimoja. "Tabianchi" nalo ni neno la ofisini na la taarifa ya habari. Asiyelizoea anasikia "tabia", anaanza kukueleza mienendo ya vijana. Marekani jina pia linageuza majibu, kwa sababu nyingine: utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa wafuasi wa chama cha Republican waliokubali kwamba jambo lenyewe linatokea walikuwa 44% lilipoitwa ongezeko la joto duniani, na 60.2% lilipoitwa mabadiliko ya tabianchi. Wale wa Democratic hawakutikisika. Kule jina linaamsha chama. Huku linapima nani alikaa darasani.

Mpangilio ninaoupendekeza:

1. "Ukilinganisha na wakati wa uchaguzi wa 2015, mvua za masika siku hizi zinawahi, zinachelewa, au ni vilevile?" Usiseme "miaka 10 iliyopita", kila mtu ana miaka 10 yake. Tukio linalojulikana linamshika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zinakumbukwa sana, ila zinawaacha nje vijana.

2. Rudia kwa upepo wa kusi, maji ya chumvi visimani, na ufuo kuliwa na bahari. Swali moja, jambo moja.

3. Ndipo: "Umewahi kusikia watu au redio wakitaja mabadiliko ya tabianchi?" Akisema ndiyo: "Kwa maneno yako, ni nini hicho?" Andika neno kwa neno, usifupishe.

4. Chanzo. Ruhusu majibu zaidi ya moja. Ukanda huu wengi watakwambia ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Weka msimbo (namba ya kuhesabia jibu) wake peke yake, usiuchanganye na "mambo ya asili". Tena mtu huyohuyo anaweza kusema Mungu ndiye apangaye na watu ndio wamemaliza mikoko. Kwake hakuna mgongano. Na akisema "watu wanakata miti", muulize: ya hapa, au kwingine pia? Wengi wanamaanisha kwamba miti ya kijijini ikiisha, mvua ya kijijini inakatika. Ana hoja, ila hazungumzii moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima. Ukimhesabu pamoja na anayeujua huo moshi, asilimia yako ya waelewa itavimba.

Kabla ya kwenda uwandani, mpe mtu ambaye hajaona dodoso la Kiingereza alirudishe la Kiswahili kwa Kiingereza. Yanapopishana ndipo pa kurekebisha.

Mizani

Hiyo 384 ni ya watu waliochaguliwa mmojammoja kwa nasibu wilaya nzima. Wa kijiji kimoja wanafanana: kisima kimoja, redio moja, diko moja la kushushia samaki. Tuseme mfanano ndani ya kijiji ni 0.05 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), ambao ni mdogo tu. Kinachopunguza nguvu ya sampuli ni 1 + (watu wa kijiji kasoro mmoja) × mfanano. Kwa watu 48 kila kijiji: 1 + 47 × 0.05 = 3.35. Gawa 384 kwa 3.35, unabaki na nguvu ya watu kama 115, na kosa la pointi 9 juu au chini badala ya 5 ulizotarajia. Chukua vitongoji 65, watu 8 kila kimoja: 1 + 7 × 0.05 = 1.35. Watu 520, nguvu ya 385, kosa linarudi 5. Nauli itaongezeka, lakini mahojiano yenyewe ni 136 tu zaidi.

Kuchagua nyumba, tumia kanuni ya tarehe: tarehe 14 ni 1 + 4, anza nyumba ya 5 kutoka kituo cha kuanzia, kisha ruka nyumba 10. Mwanamume, mwanamke, kwa zamu. Asipokuwepo rudi mara mbili, usichukue jirani aliyekaa barazani. Kwa wavuvi wa dagaa angalia mwezi: gizani wako baharini usiku na mchana wamelala. Nenda siku za mbalamwezi, la sivyo utarudi na maoni ya wasiovua.

Mwambao_Tanga

Nashukuru sana, vitongoji 65 nimeshaanza kuviorodhesha. Je, swali la kuchangia fedha lina maana huku? Nimeona lile la 1% ya kipato.

BiTakwimu

Lile liliulizwa katika nchi 125, watu karibu 130,000. 69% walisema wangetoa 1% ya kipato cha kaya kila mwezi, lakini kwa makadirio yao wenzao walio tayari ni 43% tu. Pangani kipato hakiji kwa mwezi, 1% haimwambii kitu. Uliza siku: "Ungetoa siku ngapi kwa mwaka kupanda mikoko bila malipo?" Kisha: "Kati ya watu 10 wa kitongoji hiki, wangapi wangekubali?" Swali la pili usiliache. Likitoka chini sana kuliko sehemu ya waliosema wao wenyewe wangetoa walau siku moja, ama watu hawajuani ama wamekupa jibu la heshima, kwa hiyo linganisha siku walizotaja na siku walizokwenda kweli mwaka jana.

Kupunguza "ndiyo" za adabu, gawa fomu nusu kwa nusu: nusu isomeke "wanakijiji wanaweza kupunguza tatizo hili", nusu "hakuna wanachoweza". Wakikubali zote mbili kwa kiwango kilekile, swali hilo litupe.

Na mwenyekiti wa kitongoji akutambulishe, kisha aondoke kabla ya swali la kwanza. Akibaki, weka alama kwenye fomu, uchambue hizo peke yake.