Siki kwenye nguo na vyombo, inasaidia kweli au tunadanganyana?

mamaPacha_Kigamboni
Wakuu habari za jumapili. Naombeni msaada kabla sijaharibu nguo za watu humu ndani. Tumehamia Kigamboni mwezi wa nne, huku tunatumia maji ya kisima na yana chumvi balaa, mche wa sabuni unakwisha povu hujaliona, taulo zikikauka zinasimama zenyewe kama boksi, glasi hata uzisuuze mara tatu zina ukungu mweupe. Sasa kuna dada ofisini kaniambia niachane na hizi dawa za kulainisha nguo nitumie siki nyeupe ya dukani, yeye anafulia siki, anaoshea vyombo siki, anadekia siki, yani kila kitu. Jana nikasema ngoja nijaribu, nikachukua beseni nikakwangua sabuni ya mche humo, nikamimina siki kama kikombe kizima, nikakoroga. Jamani maji yakakatika! Yakawa na vidonge vidonge vyeupe kama maziwa yaliyochacha, vikanata kwenye mashati ya shule ya watoto, nimesuuza mpaka mgongo umeniuma. Nimekosea wapi au ndo huyo dada kanipoteza?

Mwl_Maabara
Dada pole, hujapotezwa, umepewa nusu ya maelezo. Sabuni ya mche inatengenezwa kwa mafuta na kostiki. Ukiitia asidi, na siki ni asidi hata kama ni asilimia 5 tu na iliyobaki maji, ile sabuni inavunjika inarudi kuwa mafuta. Hivyo vidonge ulivyoona ni mafuta ya sabuni yako, kwahiyo ulikuwa unafulia mashati kwa mafuta. Siki na sabuni hazikai beseni moja. Fua kama kawaida, suuza mara ya kwanza, ya pili, alafu maji ya mwisho ndo unatia siki, nusu kikombe kwa ndoo ya lita 20 inatosha, chovya, kamua, anika. Harufu inapotea ikikauka.

Na kitu kingine watu wengi hawajui, haya maji tunayoita ya chumvi huwa yana vitu viwili. Kuna chumvi yenyewe ile unayoisikia mdomoni, hiyo siki haiitoi hata umwage dumu zima. Alafu kuna chokaa, mwamba wetu wa pwani sehemu kubwa ni matumbawe ya kale na matumbawe ni chokaa, maji yakipita humo yanaibeba. Chokaa ndo inayoua povu na kukakamaza taulo na kuweka ukungu kwenye glasi, na hiyo ndo siki inaiweza. Kama unabisha angalia ndani ya birika lako la umeme, yale magamba meupe chini, mimina siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha lisaa limoja. Utaona inachemka vibubujiko hata umeme umezima, ni chokaa inaliwa. Kisha suuza na chemsha maji mara mbili umwage, la sivyo chai ya asubuhi itakuwa na ladha ya achari.

bintiwaLikoni
Mie niko Mombasa huku maji ya kisima ndo maisha yetu, twaijua hiyo shida tangu tuzaliwe. Nyanyangu hakuwa na siki ya duka, alikuwa na ndimu. Sahani ikishaliwa samaki yasuguliwa na ganda la ndimu kwanza ndio yatiwa sabuni, maana ukianza na sabuni shombo halitoki, waweza osha mpaka kesho ukanusa kikombe cha chai waskia papa. Siki yafanya kazi ile ile. Mimi natia vijiko viwili vitatu kwenye maji ya kusuuzia, na mikono pia, hasa siku ya kupaa samaki.

Mwl_Maabara
Nyanya yako alikuwa sahihi kabisa. Harufu ya shombo inatokana na kitu chenye asili ya magadi, asidi inaikata.

mamalishe_Mbagala
Mimi napika na naosha sahani zaidi ya mia kwa siku, nawaambia ukweli, siki haitoi mafuta. Hotpoti iliyobeba pilau au sufuria ya makange ukiiosha kwa siki tupu unayazungusha tu hayo mafuta. Maji ya moto na sabuni, hakuna njia ya mkato. Na manjano kwenye sahani za plastiki msijisumbue na siki, osha weka juani siku mbili yanapauka yenyewe. Siki mimi naithamini kwa sufuria za alumini zikishakuwa nyeusi ndani kwa sababu ya kuchemshia maji ya kisima, natia maji na siki kidogo nachemsha dakika 10, inang'aa bila kuua mikono na stilwaya. Ila usiiache humo ikalala, nililaza moja nikakuta imetoboka toboka vidoti. Chuma cha chapati ndo usiguse kabisa, kesho yake ni kutu.

dogo_wa_Tandika
Niongeze moja hapa maana iliniponza. Ukisikia siki inang'arisha na jiki inang'arisha usije ukasema ngoja nichanganye. Mwaka jana nilikuwa naosha choo, nikamwaga jiki, nikaona madoa ya chokaa hayatoki nikaongezea siki, mlango nimefunga. Ndani ya dakika macho yanawaka, koo limebana, nimetoka nje nimevaa boksa majirani wananiangalia. Kumbe ile ni klorini, gesi ile ile Wajerumani waliitumia vitani 1915. Ni kweli nilikuwa naoshea choo ila hata nguo nyeupe ni hivyo hivyo, kama umeloweka jiki usisuuzie siki siku hiyo.

kanga_moja_kanga_mbili
Na kanga mpya jamani? Mama mkwe wangu analoweka kwenye siki na chumvi usiku kucha ati rangi isichuje.

Mwl_Maabara
Mama mkwe usimbishie ila kwenye pamba haisaidii kihivyo. Rangi zinazopenda asidi ni za sufu (manyoya ya kondoo) na hariri. Kanga fua peke yake mara mbili tatu za mwanzo kwa maji ya baridi, rangi ya ziada itatoka yenyewe.

kanga_moja_kanga_mbili
Haya, nitamwambia ni wewe umesema 😂

mamaPacha_Kigamboni
Nimerudi. Mashati niliyafua upya kwa sabuni ya unga na maji ya moto yale mafuta yametoka. Taulo nimesuuzia siki kama alivyosema mwalimu, sitadanganya kwamba zimekuwa kama za hoteli ila zinakunjika na haziniparuzi mgongo. Ile ya birika ndo imeniacha mdomo wazi, magamba yametoka vipande vipande, kumbe tulikuwa tunakunywa chai na ukuta. Shida ni mzee, karudi jana kaniuliza nani anatengeneza kachumbari nyumba nzima. Hakuna kitu kingine kisicho na harufu?

bintiwaLikoni
Ndimu ya unga mamii. Ile ya kutilia kwenye urojo, haina harufu, kijiko kimoja kwa birika chatosha. Enda kwa muuza viungo, si duka la sabuni.

mamaPacha_Kigamboni
Ninayo kabatini tangu mfungo wa Ramadhani! Ngoja niitafute.